Barua ya Wazi kwa Waliokabidhiwa Udongo wa Owino Uhuru

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Kwa Wakuu wa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Na kwa kila aliyebebeshwa na mahakama sehemu ya deni la Owino Uhuru, Jomvu, Mombasa.

Waheshimiwa,

Waraka huu sikuuandika kwa ajili ya kuwahimiza kulipa, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kufanywa na walio bora kuliko mimi, ndani ya mahakama na nje yake, kwa miaka mingi na kwa taabu ambayo mtu hapendi kuiona ikimfika jirani yake. Bali nimeuandika kwa sababu ya siku itakayofuata malipo, siku ambayo fedha zitakuwa zimekwisha kutoka mikononi mwa mdaiwa na hazijafika bado katika ardhi zilikokusudiwa, maana hapo katikati ndipo ambapo fedha za namna hii, katika nchi nyingi na kwa njia nyingi, zimepotea pasipo mtu kusikia kishindo.

Habari yenyewe mnaijua, lakini maadamu waraka wa wazi husomwa pia na walio mbali, nitaieleza kwa kadiri ya haja. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wapatao 3,000, upande wa bara wa Mombasa, wenye nyumba zilizosongamana hata jirani husikia kikohozi cha jirani. Na katika mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi kando yake, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kazi yake ikiwa ni kuvunja betri kuukuu za magari, kumwaga tindikali iliyomo, na kuyeyusha risasi, yaani madini yale mazito ambayo lugha yetu imeyapa jina moja na kitu kitokacho katika bunduki, wala hapa haikukosea. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikauteremsha, maji ya kiwandani yakapita vichochoroni ambamo watoto hucheza bila viatu, na vumbi likaingia katika vyungu na katika malazi. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo mwaka 2009, alimwona mwanawe akiugua, na vipimo vikaonyesha kwamba damu ya mtoto imeingiwa na risasi. Akaondoka kazini, akawakusanya wenzake, akasimama nao hata kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata ulimwengu ukamtambua kwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira, ingawa tuzo haikuondoa hata pakacha moja la udongo katika mtaa ule.

Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba haki ya watu hao ya kuishi katika mazingira safi yenye afya, haki iliyoandikwa katika Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya, imevunjwa. Ikawakatia fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikaamrisha udongo na maji ya mtaa visafishwe katika muda wa miezi 4, ama sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitangua fidia ile, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mabishano ya rufani nawaachia wanasheria. Mimi nashika jambo moja tu katika hukumu ile ya kwanza, nalo ni kwamba jaji alitenga mafungu mawili, fungu la watu na fungu la udongo, asiyachanganye. Na khofu yangu yote ni juu ya hili la pili.

Fungu la watu lina wenyewe. Mtu aliyefiwa na mwana, au aliyepotewa na nguvu zake, akiambiwa kwamba fedha zake zimeliwa, atalia, atashitaki, atakwenda barabarani na bango, na nyinyi mtamsikia mkitaka msitake. Lakini udongo hauna wakili, hauna kura, haupigi kelele wala hauandamani; ukipunjwa hukaa kimya vilevile kama ulivyokaa kimya ulipokuwa ukimeza sumu, na kwa ajili hiyo fungu lake ndilo jepesi kuliko mafungu yote kupungua njiani. Wala sisemi kwamba litapunguzwa na wezi peke yao. Mwizi angalau anajijua. Aghalabu hupunguzwa na watu wa heshima kwa sababu zinazoandikika vizuri katika taarifa: pana haja ya ofisi, na ofisi haiwi bila ya gari, na gari haliwi bila ya dereva, pana haja ya warsha ya kuwaelimisha wenyeji juu ya risasi, wenyeji ambao wameijua risasi katika damu yao kabla ya mwalimu kuijua katika kitabu, pana haja ya mshauri, na mshauri naye anayo haja ya mshauri mwenziwe, hata mwisho wa mambo daftari limejaa, fedha zimekwisha, kila shilingi ina stakabadhi yake, na mtoto wa Owino Uhuru bado anachezea udongo uleule.

Niruhusuni nihadithie jambo moja la nyumbani. Marehemu ami yangu alikuwa mutawalli, yaani mtunzaji, wa wakfu mdogo sana, kisima kimoja na minazi michache na chumba cha kupangisha ambacho kodi yake iliwekwa kwa ajili ya kisima hicho; na mwaka mmoja maji yakaharibika, yakawa na harufu, kwa kuwa shimo la choo cha jirani lilikuwa limepasuka chini kwa chini. Akatafutwa fundi, akapewa kazi, na baada ya mwezi fundi akaja barazani na bahasha ya stakabadhi, za saruji na chokaa na mawe na ujira wa vibarua, zote sahihi, hata hesabu ya misumari imo, akaomba mutawalli atie mkono apate salio la fedha zake. Ami hakuzigusa karatasi. Akaagiza kata, akaenda kisimani mwenyewe kwa mkongojo, akateka, akaonja, akatema, akarudi akaketi. Yule fundi akasema, "Mzee, hesabu yangu ni kamili." Ami akamjibu, "Hesabu yako ni kamili, mwanangu; maji ndiyo hayajakamilika." Ikambidi yule mtu arudi, achimbe hata afike penye ufa wa choo ambao mara ya kwanza hakuutafuta kwa sababu haukuwa katika mapatano, na siku maji yalipoonjwa yakanyweka, ndipo karatasi zile zilezile zikatiwa mkono.

Mimi nilikuwa kijana, na niliona ami amemdhulumu fundi. Leo naona kwamba alikuwa na elimu ya uangalizi ambayo ofisi zetu nyingi hazijaipata. Mtunza wakfu hakupewa amana ya karatasi, amepewa amana ya kitu, na kitu hicho ndicho kinachotoa ushahidi. Ninalowaomba, Waheshimiwa, ni hilo moja, na yote yatakayofuata ni matawi yake: hesabu ya fedha za kuutengeneza udongo wa Owino Uhuru isifungwe kwa stakabadhi, ifungwe kwa kipimo cha udongo.

Kipimo hicho si jambo la kubahatisha, kwani msingi wake umekwisha kuwekwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliowapima watoto 65 wa Owino Uhuru na watoto 65 wa mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh, ambao hauna kiwanda cha namna ile, ulikuta kwamba wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ni mikrogramu 7.4 kwa kila desilita, na katika damu ya wenzao ni 3.7, yaani nusu yake. Na udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na wastani wa miligramu 146.5 za risasi katika kila kilo, na ule wa Bangladesh 11.5 tu. Tazameni tarakimu hizo mbili za mwisho. Mitaa yote miwili ni ya wanyonge, yote ina mabati na vichochoro na taka, wala haikutofautiana kwa ufukara; ilitofautiana kwa ukuta wa kiwanda.

Hapana shaka atatokea mtaalamu wa kusema kwamba 146.5 si nyingi, maana Marekani, mathalan, mwaka 2024 walikishusha kiwango cha tahadhari cha udongo wa majumbani kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo, na hii yetu iko chini yake. Jawabu ni kwamba wastani ni kivuli cha mambo, si mambo yenyewe: ndani yake zimo sehemu zilizokaribia kuwa safi na zimo sehemu zilizoshiba sumu, chini ya ukuta, penye mfereji, pale ambapo majivu yalimwagwa, na mtoto hachezi katika wastani, anacheza mahali pamoja, mlangoni kwao, na mkono unakwenda kinywani. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu kilicho salama, na madhara yake makubwa kwa mtoto ni katika ubongo, ambao haukui mara mbili. Tena risasi haiozi. Mafuta yaliyomwagika hupunguzwa na jua na mawimbi na vidudu, hata kama ni kwa miaka mingi. Risasi iliyoingia katika udongo itakaa humo vizazi na vizazi isipoondolewa kwa mikono. Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza kupigwa, mtaa wote upimwe kwa mapande madogo, ua kwa ua, mfereji kwa mfereji, ichorwe ramani, na ramani hiyo iwe ndiyo ukurasa wa kwanza wa daftari. Na baada ya kazi upimwe tena mahali palepale kwa kina kilekile. Tofauti ya ramani mbili ndiyo hesabu.

Wala msiseme kwamba watu watibiwe kwanza na ardhi itangoja, kwa maana jambo hilo limejaribiwa likashindikana. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako watu walikuwa wakiponda mawe ya dhahabu yenye risasi ndani ya nyua zao, watoto zaidi ya 400 walikufa. Na katika kijiji cha Bagega, ambacho kilikuwa cha mwisho kusafishwa, Madaktari Wasio na Mipaka walikataa kuanza dawa ya kuitoa risasi katika damu ya watoto kabla udongo haujaondolewa, si kwa ukatili, bali kwa kuwa mtoto anayetibiwa akarudishwa kulala juu ya sumu ileile hupata taabu ya dawa asipate faida yake. Fedha za kukisafisha kijiji hicho ziliahidiwa na serikali ya shirikisho katika mwaka 2012, zikatoka mwanzo wa 2013. Na muda wote huo watoto walikaa wakingoja udongo, nao udongo ukangoja sahihi. Fungu la udongo ni sehemu ya tiba, tena ndiyo sehemu ya kwanza.

Juu ya hatari ya mikono iliyo katikati, mji wa Abidjan unatosha. Mwaka 2006 taka za meli ya Probo Koala zilimwagwa usiku pembezoni mwa mji huo, na kampuni iliyoikodi meli ikapatana na serikali ya huko mwaka 2007 kwa faranga bilioni 95, na mwaka 2009 ikapatana mbele ya mahakama ya Uingereza na walalamikaji wapatao 30,000 kwa pauni milioni 30. Zile za walalamikaji zilipofika mjini likazuka kundi likijidai kuwa ndilo linalowawakilisha, likapewa fedha, na watu wapatao 6,000 hawakupata zao. Mwaka 2012 waziri mmoja alivuliwa wadhifa kwa sababu ya jambo hilo. Tafadhalini fikirini: hao ni watu wenye majina na vinywa, waliohesabiwa mmoja mmoja, nao waliporwa mchana. Sembuse udongo.

Lakini sikuja kwenu na misiba mitupu. Uko mfano mmoja ambao napenda mkae nao kwa utulivu, japokuwa ni wa nchi ya barafu na wenye mabilioni ambayo sisi hatuna. Mwezi Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska, ikamwaga galoni milioni 11. Na mwaka 1991 kampuni yake ikakubali kulipa dola milioni 900 kwa miaka kumi kwa ajili ya kuirejesha bahari ile na pwani zake. Fedha hizo hazikutiwa katika kapu moja na kodi za serikali. Liliundwa baraza la wadhamini sita, watatu wa serikali ya shirikisho na watatu wa jimbo, na sharti likawa kwamba hakuna senti itakayotoka ila wote sita wamekubali, na kando yao pakawekwa kamati ya raia, wavuvi na wenyeji na wengineo, ya kuwashauri. Hata hao walilaumiwa na wakaguzi katika miaka ya mwanzo, na yafaa kulisema hilo, kwani baraza likiundwa vizuri haliwi malaika. Walakini wao walifanya jambo ambalo naliona bora kuliko sharti la watu sita: waliweka orodha ya kila kilichodhurika, samaki na ndege na wanyama na riziki za watu, na kila baada ya muda wakaandika mbele ya kila jina kama kimepona, au kinaendelea kupona, au hakijapona. Fisi maji wa baharini waliandikwa kuwa wamepona baada ya robo ya karne. Samaki aina ya heringi, na kundi moja la nyangumi wauaji, wakaandikwa kwamba hawajapona. Mtu anayetaka kujua zile dola zimefanya nini hapewi kwanza jedwali la matumizi. Anapewa habari za heringi. Hiyo ndiyo kata ya ami yangu, imevuka bahari pasipo yeye kujua.

Na mji wa Kabwe, Zambia, uliochimbwa risasi kwa muda wa miaka tisini hata mgodi ukafungwa mwaka 1994, ulipata mradi mkubwa wa kusafishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, mradi uliokwisha mwaka 2011. Lakini mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch lilipokwenda huko, liliwakuta watoto bado wanaishi na kusoma juu ya udongo wenye sumu, na mradi mwingine ulikuwa umekwisha kuanzishwa. Mradi ulikwisha, kazi haikwisha. Nawasihi maneno hayo mawili yasichanganywe Jomvu.

Sasa naja kwenye neno zito, nami nitalisema kwa adabu lakini sitalifunika. Hukumu ya 2020 iliugawa mzigo wa kosa kwa waliohusika: kampuni iliyoyeyusha risasi ilipewa asilimia 25, mwenye kiwanja 10, Wizara ya Afya 10, Mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje 10, Wizara ya Mazingira 5, na NEMA, ambayo kazi yake iliyoandikwa ni kuulinda umma na mambo ya namna hii, ikapewa asilimia 40, kubwa kuliko ya kampuni yenyewe. Na ni NEMA hiyohiyo ambayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 imeipa Mfuko wa Taifa wa Kurejesha Mazingira, uliokusudiwa kwa uharibifu ambao mwenye kuutenda hajulikani au kwa hali zisizo za kawaida. Sina shaka kwamba wamo ndani yake watumishi waaminifu na wataalamu ambao taifa haliwezi kufanya bila wao. Udongo wa Owino Uhuru hautasafishwa pasipo elimu yao. Lakini mwenye kubeba sehemu kubwa ya taksiri hawezi kuwa yeye ndiye mshika ufunguo, na mpimaji, na mtoa cheti cha kwamba kazi imekwisha, vyote vitatu kwa mkono mmoja. Hata katika wakfu wa minazi michache jambo hilo halikujuzu. Kwa hiyo naomba Mamlaka yenyewe, kwa hiari yake na kabla ya kulazimishwa, iseme hadharani kwamba itatoa wataalamu na haitashika fedha peke yake. Kwamba watakuwapo wadhamini wasio wa wadaiwa, na miongoni mwao wenyeji waliochaguliwa mtaani kwa kura, wakiwamo wanawake, maana wao ndio waliolihisi jambo hili kwanza. Kwamba vipimo vitachukuliwa mbele ya mashahidi, kila fuko la udongo likigawanywa mara mbili, nusu iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na nusu iende chuo kikuu kisicho na deni katika kesi hii. Na kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ataletewa ramani pamoja na stakabadhi, asipate moja bila ya nyingine.

Yako mambo mawili ambayo sijasikia yakitajwa sana, nayo yananinyima raha kuliko mengine. La kwanza ni hili: udongo utakaokwanguliwa Owino Uhuru utapelekwa wapi? Hauwezi kuchomwa ukaisha, wala bahari si mahali pake. Ukipakiwa malori usiku ukamwagwa katika jaa la kawaida, au ukauzwa kuwa kifusi cha kujazia viwanja, jambo ambalo katika mji unaojengwa kwa haraka kama wetu si la ajabu, basi fedha za kuutengeneza udongo zitakuwa zimenunua sumu kwa ajili ya mtaa mwingine, ambao hauna kesi wala mwandishi wa barua. Kila lori liwe na karatasi yake inayosema limetoka ua gani na limemwaga wapi, na shimo litakaloupokea udongo huo lijulikane, lizungushiwe ukuta, lifunikwe, lipimwe maji ya visima vilivyo karibu nalo kila mwaka, na gharama ya kulilinda itengwe tangu sasa, isiachiwe bajeti ya watu ambao bado hawajazaliwa.

La pili ni la hati. Sisi watu wa Mombasa tunayo desturi ya zamani yenye uchungu wake, ya mtu kuwa na nyumba bila ya kuwa na ardhi: kuta ni zake, paa ni lake, na kiwanja ni cha mwingine. Ardhi yenye sumu haitamaniwi na mtu, ndiyo maana wanyonge huachiwa. Bali siku itakapotangazwa kuwa imesafishwa, bei yake itapanda, na huenda akatokea mwenye karatasi akawaambia watu wale wahame. Nawauliza kwa moyo wote: fedha iliyopatikana kwa sababu ya vifo na maradhi ya watu hawa, je, itakwenda kumsafishia kiwanja mtu ambaye hakuwapo? Haitoshi kuwa na nia njema. Katika mapatano yaleyale ya kuusafisha udongo liandikwe sharti la kwamba waliokuwa wakiishi juu yake wakati wa sumu wataishi juu yake wakati wa usafi, na wizara inayohusika na ardhi iletwe mezani mapema, ingawa haikutajwa miongoni mwa wadaiwa.

Nimeandika kirefu, nami nawataka radhi. Nabakisha ombi dogo ambalo halihitaji sheria mpya wala kikao cha Bunge. Pale mtaani, mahali ambapo watu hupita kwenda kuchota maji, kisimamishwe kibao kikubwa kilichoandikwa kwa Kiswahili, chenye safu mbili: upande wa kushoto fedha zilizoingia na zilizotoka mwezi huo, upande wa kulia kipimo cha udongo cha kila sehemu ya mtaa, cha kabla na cha sasa, na ambapo hapajapimwa paandikwe kwamba hapajapimwa. Kila mwisho wa mwezi aje mtu mwenye mamlaka, si karani aliyetumwa tu, akisome kibao hicho kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, akae aulizwe maswali, na akishindwa kujibu aandike swali, arudi nalo mwezi unaofuata likiwa na jawabu. Nami nitakuja siku ya kwanza, inshallah, nisimame nyuma ya wenyewe, nisikilize safu ya kulia ikisomwa.

Wasalaam, nami ni wenu mwenye kuwaheshimu,

Mkaazi wa Mombasa